Fisi ni wa Nani?

Siku ya kuhesabu wanyama wa kijiji, uwanja wa shule ulijaa. Wachache walikuja kwa kupenda wanyama. Wengi walikuja kwa sababu Hozefa mwenye duka alikuwa ameahidi soda. Bibi Martina alikaa mbele, juu ya ndoo aliyoipindua, jicho lake likiwa ng'ambo ya barabara kwenye ngitili.

Pori hilo la malisho, linalofungwa ili majani na miti vipumzike, alikuwa amelilinda miaka ishirini na saba. Alifukuza mbuzi, alifukuza mashemeji, na mara moja alimfukuza katekista aliyeingia kujisaidia.

Sasa Makoye, kiongozi wa wachimbaji wa Mwakitolyo, aliitaka miti ya ngitili iwe matimba, yale magogo yanayozuia kuta za mashimo zisibomoke. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka jana shimo lilimfunika, na Martina aliwapelekea uji waliokuwa wakimfukua, siku mbili mfululizo, bila kuombwa.

Dorah, afisa wanyamapori, alifungua daftari. "Tukipata mnyama mkubwa anayezaa humo, mwenyekiti amekubali ngitili ifungwe kabisa. Tusipompata, miti anachukua Makoye. Haya, nani kaona nini?"

"Sungura!"

"Kanga!"

"Nyegere!"

"Hao wanazaa popote," Makoye alisema. "Hata nyuma ya choo changu."

"Tangu lini una choo?" mtu aliuliza, na watu wakacheka.

"Na fisi?" Dorah aliuliza.

Kicheko kikakatika. Watu wakaanza kutazama vidole vya miguu yao. Milio kila mtu aliisikia, lakini huku anayejua fisi analala wapi ndiye mwenye fisi, na mwenye fisi ni mchawi anayempanda usiku. Hata mwenyekiti, ambaye mbuzi wake alichukuliwa akabaki kichwa tu, alisema mbuzi huyo alikufa kwa kikohozi.

Martina alijua pango lao lilipo. Jumanne alikuwa amewaona watoto wawili, weusi kama masizi ya sufuria, wakivutana kandambili yake iliyopotea. Alijua pia kwamba yeye ni mjane, mzee, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, na huku macho hayo huitwa ya mchawi. Alitazama ile miti, akasimama.

"Wapo. Mama na watoto wawili. Wananitafunia kandambili."

Mama mmoja akamvuta mtoto wake karibu. Sauti ikatoka nyuma, ikimwita mama kwa Kisukuma: "Basi ni wako, Mayu!"

"Wangekuwa wangu ningekuja kwa miguu na goti hili? Ningempanda mmoja, mwingine abebe ndoo!"

Hakuna aliyecheka. Kisha Makoye akainuka, akakung'uta vumbi kwenye suruali, akamtazama bibi.

"Yule mama ni wangu," alisema. "Huwa nampanda kwenda Geita. Nauli imepanda."

Watu wakaachama vinywa.

"Watoto ni wangu," Hozefa akadakia, mikononi ameshika kreti. "Mnadhani duka linalindwa na yule mlinzi wa Ngokolo? Yule analala!"

Hapo uwanja ukalipuka, mikono ikainuka kila upande. Huyu ana fisi wa kulimia, yule ana wa kusaga mahindi, mwalimu mkuu ana wawili wa kusahihisha mitihani. Mwenyekiti akapaza sauti: "Na aliyemla mbuzi wangu ni wa nani?" Mikono yote ikashuka.

"Sasa niandike wangapi?" Dorah aliuliza, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Watatu, mwanangu," Martina alisema. "Hao wengine wamezaliwa leo."

Ngitili ikafungwa. Makoye alimbebea bibi ndoo mpaka nyumbani.

"Na matimba yako?" Martina aliuliza.

"Nitatafuta mikaratusi Kahama. Mayu, nikuletee ile kandambili?"

"Waachie. Meno yanawaota."