Daraja Lililofuata Saruji Yake

Mambo yaliharibika Alhamisi ya tarehe kumi na nane Aprili, mwaka 2024, siku ya gulio. Alfajiri hiyo Privatus alimpeleka mkewe Melania mtoni akiwa kwenye machela, wanaume wakipokezana mabegani, maana kijijini Nyamahanga mgonjwa wa mmoja hubebwa na wote. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Ng'ambo gari la wagonjwa liliwasha taa, likisubiri. Walipofika, daraja halikuwepo.

Halikuwa limevunjika. Lilikuwa limeondoka. Liliacha mashimo ya nguzo zake, na michirizi ya kujikokota iliyopita katikati ya migomba kuelekea juu. Mto ulikuwa umejaa. Wakaiweka machela chini, wakasubiri maji yapungue. Melania akafia pale ukingoni, yeye na mtoto wake tumboni, dereva wa ng'ambo akiwatazama.

Mchana daraja lilionekana katika shamba la mihogo la Privatus, limesimama kwenye nchi kavu, halina hata ufa. Ildefonsa, jirani asiyejua kunyamaza hata msibani, alisema, "Shemeji, daraja umeshapata. Sasa bado kununua mto."

Hakuna aliyeuliza lilikuwa linakwenda wapi. Wakati wa ujenzi, malori yalishusha mtoni mifuko michache ya saruji, na mingine ikapanda kilimani, ambako mheshimiwa alikuwa akijijengea ghorofa. Daraja lilikuwa linafuata saruji yake. Kwa kuwa ni zito, lilipumzika kwenye mihogo, na kila ikinyesha mvua linasogea kidogo.

Injinia Wiston, aliyelisimamia wakati wa kujengwa, alikuja na gari la serikali. Alilipima urefu, akaligonga kwa nyundo, akasikiliza.

"Daraja ni zima, mzee."

"Mto uko kule chini," Privatus akamwambia.

"Mto una ofisi yake. Mimi ni wa madaraja."

Akaenda kuwaambia wakubwa kwamba kijiji kina daraja zima, kwa hiyo hakistahili jingine. Wanawake wakaanza kuanika mihogo juu yake, maana zege hushika joto vizuri.

Melania walimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Arobaini ilipopita, akawa anakuja jioni, anaketi ukingoni mwa daraja na kuning'iniza miguu mahali ambapo maji yangekuwa, mtoto mgongoni. Huchukua ungo akachambua maharage, na umande ukianza kushuka hurudi kwake. Mtoto alikuwa ameanza kuota meno. Privatus aliliona hilo, ila hakumwita, kwa sababu alikuwa hajaambiwa mtoto anaitwa nani.

Ikafika Septemba. Binti yao Joyness alikuwa amefaulu kidato cha sita, na vyuo viwili vilimchagua kusomea uhandisi. Ujumbe ukaingia kwenye simu: athibitishe kimoja kabla Jumamosi haijaisha, la sivyo avikose vyote. Kimoja kilikuwa kile chenye jina, kinachochuja watu kama chai. Cha pili kilikuwa kidogo, hupokea karibu kila aliyefaulu, na likizo wanafunzi wake huvaa buti wakajenga makalavati kwenye matope.

Mwalimu Ngeleja, aliyemfundisha hesabu, alipanda baiskeli akaja.

"Mzee Privatus, akikiacha chuo kile watu watasema mmemroga. Nusu ya nchi inakililia."

"Wiston alisoma kipi?"

"Hicho hicho."

"Na aliyetia saini kwamba daraja limekamilika?"

"Hicho hicho, mzee. Na mkubwa wake pia. Ndiyo maana nakwambia kina jina."

Privatus, ambaye shule aliiachia darasa la nne, alitema mate pembeni. "Matunda yake nimeyaona, mwalimu. Yako shambani kwangu, yamelalia mihogo."

Mwalimu alipoondoka, Joyness alikaa jikoni karibu na baba yake.

"Baba, kile kidogo watanifundisha kujenga. Lakini siku nikimwambia Wiston saruji haitoshi, ataniuliza nimetoka chuo gani, halafu atacheka."

"Na ukitoka kile kikubwa?"

"Hatacheka. Ataniita mwenzake."

Privatus akachochea moto. "Bora acheke, mama. Kicheko hakijawahi kuzamisha mtu."

Jumamosi jioni Joyness alipanda juu ya daraja na simu, kwa kuwa mtandao ulikuwa hapo tu. Melania alikuwa ameshafika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sogeza ungo ukae."

Joyness alibonyeza, akathibitisha chuo kidogo. Simu ikampongeza. Privatus, aliyesimama chini kwenye mihogo, alivua kofia akaivaa tena. Kwa mara ya kwanza tangu Aprili alijisikia ameshinda kitu.

Manyunyu yakaanza. Daraja likatikisika, likanyanyua nguzo moja, likaitua mbele, likafuatisha nyingine. Maharage yakamwagika. Wakashuka wote, wakayaokota mmoja mmoja, Melania akiyapuliza udongo. Kule kilimani ghorofa ya mheshimiwa ilikuwa imewasha taa vyumba vyote, na kutoka shambani ilionekana bado ni mbali sana kwa daraja lililochoka namna ile.

Melania alimfunga mtoto vizuri mgongoni, maana umande ulikuwa umeshashuka. Kisha, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiulizia chumvi, akamuuliza binti yake swali ambalo Joyness alimtazama baba yake ili yeye ndiye alijibu, na Privatus akatazama kilimani:

"Ukirudi na elimu yako, iwe ya chuo hiki au kile, saruji watakushushia yote?"