Msomaji wa Kwanza wa Sefakor

Ebo Quansah alianza kuniita shemeji kabla hajapeleka hata chupa moja ya kinywaji kwa baba yangu. Tulikuwa ofisi moja hapa mtaani Osu, tukitengeneza tovuti za watu wenye haraka, naye alikuwa mchumba wa mdogo wangu Sefakor. Uchumba wa mdomo tu, maana baba alikuwa bado hajakubali kuwapokea wazee wake. "Yule kijana," baba alisema, "ukiongea naye anakutazama kama mtu atakayekusikiliza wiki ijayo."

Ugonjwa wa Ebo ulikuwa huu: alitaka kusoma kila kitu, kwa hiyo hakusoma chochote. Alikuwa na programu ya kukusanyia habari, ile unayoipa anwani za blogu na tovuti uzipendazo nayo inakuletea kila jipya mahali pamoja. Alikuwa na nyingine ya kuhifadhi makala azisome baadaye. Hiyo baadaye mimi sikuwahi kuiona ikifika. Kila baada ya wiki chache alihama. Hii maandishi yake madogo, ile haina rangi nyeusi ya usiku, nyingine inakusomea kwa sauti lakini ikikuta jina la Kwadwo inatamka kama imepaliwa na mfupa. Aliwahi kuandika makala ndefu ya kuzilinganisha, watu wakamsifu sana. Nina hakika nao waliihifadhi.

Mwaka huo akafuta na WhatsApp, eti inampigia kelele. Tulikuwa nyumbani tunakula akple, ugali wetu wa mahindi, na supu ya bamia alipomtangazia Sefakor.

"Mpenzi, neno la maana haliandikwi kule kwenye makelele. Liandike kwenye blogu yako. Msomaji wako wa kwanza ni mimi."

Sefakor alikuwa na blogu ndogo kuhusu vitambaa vinavyofumwa kwetu Agbozume. Aliposikia hivyo alitabasamu kama mtu aliyejengewa nyumba. Nilitamani kumfinya.

Halafu Jumapili moja, bila kusukumwa na mtu, baba akakubali. Ebo alete wazee wake Jumamosi inayofuata, saa nne asubuhi, wabishe hodi kama watu, na vinywaji vyao vya posa. Na baba tunamjua: akikuita kubisha hodi usipotokea, hakuiti tena.

Sefakor, aliyeachiwa kupeleka ujumbe, alikwenda chumbani akaandika kwenye blogu.

"Mpigie simu," nikamwambia.

"Sipigi."

"Sefa, acha utoto."

"Si yeye aliyesema msomaji wa kwanza? Dada, nimechoka. Kila nikimwambia jambo lazima nimfuate nyuma kumuuliza kama amelisikia. Akisoma, naolewa. Asiposoma, bora nijue sasa, sijazaa naye. Na wewe ole wako umwambie. Mimi na wewe itakuwa basi."

Nikakubali, kwa shida kubwa.

Jumatatu nikamkuta Ebo kazini uso unang'aa. Alikuwa anahama tena. Jumatano alimpigia Sefakor, wakaongea mpaka simu ikapata moto, na yote ilikuwa habari ya folda na rangi zake. Sefakor alimsikiliza, akamtakia usiku mwema. Alhamisi nikashindwa kuvumilia.

"Ebo, mdogo wangu hajaandika kitu wiki hii?"

"Ngoja, shemeji." Akapekua. "Heh! Ameandika! Kinaitwa 'Mlango'. Ona kichwa hicho, ana kipaji huyu mtoto."

"Fungua basi."

"Hapana. Maandishi ya Sefakor hayasomwi kwa pupa kama matokeo ya mpira. Haya ni ya Jumapili, nikiwa nimetulia, kahawa pembeni."

"Soma sasa, Ebo."

"Una haraka ya nini?"

"Ni fupi!"

"Hayo ndiyo yanataka utulivu zaidi."

Akaivuta kwa kidole mpaka kwenye folda iliyoandikwa Muhimu Sana. Nilichungulia. Ndani kulikuwa na makala za tangu mwaka juzi, mojawapo ikifundisha namna ya kuacha kuahirisha mambo. Nikainuka nikaenda kunywa maji, vinginevyo ningempiga na kibodi.

Jumamosi baba alijifunga kitambaa chake kizuri begani. Wajomba walikuwa wamefika kutoka Agbozume tangu jana yake. Viti vilipangwa pande mbili zinazotazamana, upande wetu na upande wa wageni. Sefakor alikaa chumba cha ndani, akingoja kuitwa aulizwe kama anawafahamu watu hawa na kama vinywaji vyao vipokelewe. Saa nne ikapita. Saa tano wajomba wakaanza kuongelea mvua. Adhuhuri baba akasimama, akavitazama vile viti vitupu, akasema, "Supu isipoe. Kuleni."

Sefakor alitoka akala nasi, akaosha vyombo vyote peke yake, na hakutaka nimsaidie kukausha. Nilimchukia Ebo siku ile kwa moyo wangu wote. Jioni akaifuta blogu.

Jumatatu Ebo alinipokea mlangoni.

"Shemeji! Programu hii ni kiboko. Inakuonyesha mpaka blogu zilizokufa! Tazama, ya Sefakor inasema haipatikani. Halafu simu yangu hapokei. Mwambie kuna kitu kimeharibika, nitamtengenezea mwenyewe."

"Ile 'Mlango' ulisoma?"

"Jana nilishinda nahamisha mafaili. Lakini usijali, nakala ninayo. Huo ndio uzuri wake, mtu hata akifuta, kwangu inabaki."

"Ifungue."

"Sasa hivi? Hapa tumesimama?"

"Hapa hapa."

Akaifungua. Maneno yenyewe hayakujaza hata kioo cha simu. *Ebo, baba amekubali. Jumamosi, saa nne asubuhi. Njoo na wajomba zako. Nitakuwa chumba cha ndani, nasikiliza mlango.*

Akasoma. Akarudia, midomo ikimcheza. Juu kabisa, kwa herufi zile alizozichagua kwa wiki nzima, programu ilikuwa imemwandikia: muda wa kusoma, chini ya dakika moja.

"Shemeji," alisema.

"Mawuena," nikamwambia. "Mimi naitwa Mawuena."