Asiyejibu Amekubali

Mimi ni wakili, na kazi ya kuandika sera za faragha naichukia. Watu hawazisomi. Hata wanaoniletea kazi hiyo hawazisomi. Kwa hiyo Ruweyda Alio alipopanda ngazi za ofisi yangu hapa Garissa akataka nimtayarishie karatasi za programu yake ya simu, nilifanya ninachofanya siku zote. Nilichukua sera ya programu ya kuuzia viatu, nikafuta "viatu", nikaweka "ngamia".

Programu yake inaitwa Baadi, yaani mnyama aliyepotea, kwa Kisomali. Ukimwokota ngamia wa watu porini unampiga picha kwenye chapa, na mwenye chapa anapigiwa simu. Kabla ya programu, Ruweyda aliifanya kazi hiyo miaka mitatu kwa simu yake moja na kundi la WhatsApp, kutoka Elwak na Takaba hadi Bute. Alikuwa na majina, namba na chapa za wafugaji mia nne na ushee. Mimi ni mtu wa Bute, na mjomba wangu alirudishiwa ngamia wawili na binti huyu ambaye hamjui hata sura. Ndiyo maana alipokuja nilimwagizia chai.

Shirika moja la mifugo lilikuwa limemwahidi kuipeleka Baadi kwenye masoko yote ya kaskazini, kwa sharti moja: wafugaji mia tatu wawe wameingizwa humo kwa mujibu wa sheria kabla ya jioni ya Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Akikosa, nafasi inakwenda kwa vijana fulani wa Nairobi, ambao nadhani ngamia wamemwona kwenye kalenda. Zilibaki siku kumi na mbili.

Nilipompa karatasi, Ruweyda alisoma. Alizisoma kurasa zote saba, kidole kikifuata mstari, jambo ambalo sikuwahi kuliona ofisini kwangu. Kwenye kipengele cha tisa kidole kikasimama.

"Wakili Roba, hii 'asiyejibu kwa siku saba amekubali' umetoa wapi?"

"Hapo ndipo nimekusaidia. Unawatumia wote ujumbe mmoja. Anayekataa atajibu, anayenyamaza tunamwandika. Ngojangoja huumiza matumbo."

"Na sheria inasema hivyo?"

Sheria haisemi hivyo. Inataka mtu aambiwe unachukua nini chake na kwa sababu gani, kisha akubali mwenyewe waziwazi, na kesho akitaka kujitoa umfute. Nilijua vizuri. Nikajitetea kwa mzaha: "Huku kwetu hata binti akiulizwa habari ya ndoa akanyamaza, shehe anaandika. Sembuse namba ya simu?"

Hakucheka.

"Mimi niliulizwa," alisema. "Nikanyamaza kwa sababu nilijikaza nisilie. Wakaandika. Miaka tano, Wakili, mpaka nikaachwa. Toa hiyo kitu."

Niliitoa, na niliona haya.

Kuanzia siku ile alikaa kwenye kona ya ofisi yangu akipiga simu, mmoja mmoja, yeye kwa Kisomali na mimi nikiwasemesha watu wetu wa Bute kwa Kiborana. Kila mtu alisomewa maneno yale yale. Tunachukua jina lako, namba yako na chapa yako. Mahali ulipo hatuchukui. Idadi ya wanyama wako hatuulizi. Ukituchoka, sema, tunakufuta. Unakubali? Nimesoma sheria miaka minne chuo kikuu, na sikuwahi kuisikia ikisemwa hivyo, mtu aliye kisimani akaielewa. Mzee mmoja wa Takaba alituhoji nusu saa nzima, halafu akasema hapana. Ruweyda akamshukuru, akamfuta pale pale, akapiga namba iliyofuata. Mimi nilimlaani yule mzee kimoyomoyo.

Alhamisi asubuhi tulikuwa na mia mbili sabini na moja. Waliobaki wengi walikuwa wa Elwak, nao kila mmoja alituuliza swali moja: Alio amesemaje? Alio ni mkubwa wao pale, tena ni baba yake Ruweyda. Huyo alikuwa hajampigia.

"Mpigie," nikamwambia.

Aliweka simu mezani, sauti wazi. Kisomali nakisikia vizuri. Alimsomea babake kama alivyowasomea wengine wote, hakupunguza neno.

"Unakubali, Aabo?"

Kimya. Tulisikia ng'ombe, na mtu akipiga mluzi. Baba haulizwi mara mbili na bintiye. Niliandika kwenye karatasi, AMEKUBALI, nikamsogezea. Akaigeuza chini juu.

"Aabo, kimya siwezi kukiandika. Sema ndiyo au sema hapana. Ukisema hapana, mimi bado ni binti yako."

Mzee akavuta pumzi. "Siku ile nilipokuuliza mimi, ungesema nini?"

"Ningesema hapana, Aabo."

Nilitazama dirishani, maana chuoni hawakunifundisha wakili afanye nini hapo.

"Ndiyo," Alio akasema. "Andika." Kisha akakata.

Alipowapigia majirani wa mzee, Ruweyda hakusema kwamba Alio amekubali, basi tumalize. Alimsomea kila mmoja maneno yote tangu mwanzo. Saa tisa alasiri tulifika mia tatu na nne, nikazituma mwenyewe karatasi kwa shirika, na kwa mara ya kwanza maishani nilijivunia sera ya faragha.

Tulikuwa tukifunga ofisi Alio alipopiga tena.

"Ruweyda, nilikuandika bila kukusikia," alisema. "Naomba unisamehe. Unanisamehe?"

Ruweyda alifungua mdomo, sauti haikutoka. Nilidhani mzee ataridhika na hilo, akate simu.

"Nangoja," Alio akasema, na akangoja mpaka binti yake alipojibu mwenyewe.