Shimo la Kwanza la Kwasembo

Nakijwa anasinzia mchana kweupe, ukingoni mwa shamba, jembe mapajani, huku wazee wa Kwasembo wakibishana kwa siku ya nne. Mvua ya kwanza imeshanyesha, udongo unaanza kukauka, na hakuna ruhusa ya kupanda hata punje ya mahindi mpaka yeye, binti wa ukoo uliofungua kijiji, achimbe shimo la kwanza kama walivyochimba waanzilishi. Sasa walichimba wakielekea wapi? Nyumba za juu zinasema macheo, walikotoka. Nyumba za chini zinasema machweo, walikokuwa wakienda. Akikosea, nusu ya kijiji haitapanda naye, na njaa haichagui nusu. Kope zinagusana na tayari yuko njiani, njia nyekundu isiyokwisha, anapita Kwasembo, kisha Kwasembo nyingine, kisha nyingine ambayo milango ya kulia imehamia kushoto, na moyo unamdunda kwa furaha asiyojua imetoka wapi, maana kila Kwasembo ni ya zamani kuliko iliyotangulia: mabati yanakuwa nyasi, nyasi zinakuwa majani ya migomba, migomba inakuwa msitu. Mwanamke mwenye uso mtupu kama ubao uliofutwa anatembea kando yake. Shikamoo bibi, waanzilishi walielekea wapi? Marahaba mjukuu wangu, walikwenda wasikotazama, wakatazama wasikokwenda. Nakijwa anacheka, anamsihi aseme waziwazi, mvua haimsubiri mtu. Bibi ananyoosha kidole tu. Msitu unafunguka, na watu saba wamejipanga wakichimba huku wanarudi kinyumenyume, nyuso macheo kwenye makao waliyoyaacha, migongo machweo, hatua kwa hatua, wasikanyage mashimo yao wenyewe. Nakijwa nusura apige vigelegele. Siku nne za matusi, na kumbe wote wamesema kweli!

Anaingia kwenye mstari. Shimo, hatua nyuma, shimo, hatua nyuma, mpaka anasikia sauti ya Mzee Mbonea wa nyumba za chini, ambaye jana tu alimtukana baba yake. Taratibu mwanangu, nafukia. Nakijwa anafumbua macho, kama kweli yalikuwa yamefumbwa. Mbele yake mashimo yamenyooka, na watu wa juu na wa chini wameinama pamoja, wanadondosha mbegu mbili mbili, wanaimba. Hajui kama ameamka. Anatamani kumuuliza mtu, lakini anaogopa kuamshwa kabla mstari haujaisha, basi anarudi hatua moja nyuma na kuinua jembe.