Kofia Nyeusi kwa Mechi Saba

Mume wangu Naftaly hajawahi kushika rungu la besiboli. Ukimuuliza kwa nini mtu anapiga mpira kisha anakimbia akizunguka hadi kurudi pale pale alipotoka, atakwambia huo ndio mchezo wenyewe. Lakini mwezi wa kumi ukifika, mwanamume huyo anageuka nabii. Hapa Chepseon wanamwita hivyo hivyo, Nabii, naye anaitika, mzee wa kanisa mzima.

Ugonjwa huu ulianzia kwa Elmina, mwenye hoteli ya pale sokoni. Elmina alilipia king'amuzi ili wateja waone mpira wa Uingereza, lakini asubuhi mapema hakuna mpira wa Uingereza. Kuna Wamarekani. Wanaume wanaingia kunywa chai kabla ya kufungua maduka au kwenda kuchuma majani, wanakuta watu wa huko wakirushiana kampira, na kwa kuwa mwanamume hawezi kutazama kitu bila kuchagua upande, wakachagua. Walichagua kwa kofia. Kila mmoja ana kofia ya mitumba aliyonunua Kericho ya kujikinga na mvua shambani, na siku moja wakagundua kwamba alama za kofia zao ndizo alama za timu zilizo kwenye runinga. Basi, mtu akawa shabiki wa mji asioujua kwa sababu ya kofia iliyomtosha kichwa. Ya Naftaly ni nyeusi.

Mwaka huu mambo yalizidi. Katika mechi za mtoano, timu mbili hukutana tena na tena, na kwenye fainali anayefikisha ushindi wa nne ndiye bingwa. Kwa hiyo hawatabiri tu nani atashinda, wanatabiri na itachukua mechi ngapi. Muchiri wa duka la dawa za mifugo huangalia ni mrushaji gani amepumzika. Kipkirui, mkulima mwenzetu wa chai, hushikilia kwamba timu ya mji wa baridi haishindwi ikiwa nyumbani. Naftaly haangalii chochote. Anafumba macho, anameza chai, anasema: Kofia Nyeusi, kwa mechi tano. Na Mungu anisamehe, ikawa hivyo. Raundi iliyofuata ikawa hivyo tena. Watu wakaanza kumnunulia mandazi.

Fainali ilikutanisha Kofia Nyeusi na Kofia Nyekundu, na nyekundu ndiyo ya Kipkirui. Naftaly akasema itakwenda hadi mechi ya saba na Nyeusi itachukua. Mimi sikufuatilia, nilikuwa na ng'ombe wa kukamua.

Na ng'ombe mwenyewe hakuwa wangu. Alikuwa wa Edinah, jirani yetu wa ng'ambo ya mto. Sisi ni Wakikuyu, na tuliporudi kutoka kambi ya waliofurushwa katika vurugu za uchaguzi, tulikuta nyumba imechomwa, na hata kuku hatukuwa naye. Majirani wengine walitazama kando tukipita. Edinah alikuja mchana, kila mtu akiona, anaongoza ng'ombe, akanitia kamba mkononi. Wakipsigis wana desturi hiyo, wanaiita kimanagan. Unampa rafiki ng'ombe amtunze. Maziwa ni ya rafiki, ila ng'ombe na ndama wake wanabaki kuwa wako. Hakuna karatasi wala shahidi. Ng'ombe akifa, unampelekea mwenyewe ngozi aione. Hupewi na mtu asiyekuamini, na sijui Mkikuyu mwingine wa hapa kwetu aliyepewa. Niliyekuwa nikimkamua mwaka huu ni mjukuu wa yule wa kwanza, na binti yangu Tabby amekua kwa maziwa hayo.

Asubuhi ya mechi ya saba nilipeleka maziwa kwa Elmina kama kawaida. Hoteli ilijaa hadi mlangoni. Elmina alipokea mtungi bila kunitazama usoni.

"Mama Tabby, sasa kuanzia kesho maziwa nitaletewa na nani?"

"Kwani mimi naenda wapi?"

"Si Baba Tabby ameweka ng'ombe dau, na Kipkirui akaweka fahali yake. Walipeana mkono hapa juzi, watu wakiona. Nilidhani unajua."

Sikujua. Nilipita katikati ya wale wanaume nikisukuma viti, nikasimama mbele ya runinga.

"Toka hapo, mama," mtu akasema.

"Baba Tabby, umeweka ng'ombe ya nani?"

Naftaly alinyoosha shingo ili aone kilichokuwa nyuma yangu. "Kaa chini, wacha mambo mingi. Imebaki zamu moja. Nilisema saba, si imefika saba?"

"Nimekuuliza ni ya nani."

"Iko kwa boma yangu."

Hivyo ndivyo alivyojibu, mtu aliyenyweshwa maziwa hayo alipokuwa hana hata sufuria ya kuyachemshia. Nikamgeukia Kipkirui. "Na wewe? Unajua hiyo ng'ombe inakaa kwangu aje. Hiyo ni desturi yenu, mimi nimefundishwa tu."

Kipkirui alivua kofia yake nyekundu, akaivaa tena. "Mimi nilidhani mmeongea na Edinah. Na saa hii tumeshapeana mkono."

"Basi rudisheni hiyo mikono."

Walicheka. Muchiri ndiye aliyecheka zaidi, akaniambia Nabii hajakosea hata mara moja mwaka huu, kwa hivyo ng'ombe haiko hatarini. Mtu mmoja akanisogeza kando kwa bega, taratibu, kama mtu anayesogeza gunia la mtu mwingine. Nilibaki ukutani nikitazama mambo ambayo sikuyaelewa: mmoja anarusha, mwingine anakosa, watu wanashika vichwa. Kisha mrushaji wa Kofia Nyeusi akatupa glavu juu, na hoteli nzima ikaruka.

Walimbeba mume wangu, wakamtoa nje juu kwa juu. Aliponiona alikuwa anang'aa jasho la furaha. "Unaona sasa? Ulikuwa unapiga kelele ya nini?"

Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Angeshindwa, soko lote lingemwita mwizi kufikia saa nne. Lakini ameshinda, kwa hivyo hakuna aliyeona kosa, hata yeye. Alikuwa ameweka shukrani yetu yote mezani katikati ya vikombe vya chai, na watu wakimpigia makofi. Nikajua pia kwamba mwakani ataweka kitu kingine.

Nilikwenda nyumbani, nikamfungua ng'ombe, nikavuka naye mto. Sikutaka Edinah asikie kwa mtu mwingine.

Nilimkuta shambani, kapu mgongoni. Nilimwambia yote, sikupunguza. Alinisikiliza huku mikono yake ikiendelea kuchuma, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, akiyatupa nyuma bila kutazama.

"Kama hiyo timu ingeshindwa," akasema baadaye, "Naftaly angekuja kuniambia nini?"

"Sijui, Edinah."

"Haya."

Sitaficha, nilitumaini angesema nirudi na ng'ombe wake. Nilisimama nikiwa nimeishika kamba kwa mikono miwili, ili aone kwamba simwachilii kwa kupenda. Alitua kapu, akafuta mikono kwa gauni, akaichukua. Hakunigombeza hata kidogo, na afadhali angenigombeza.

Kisha akanikaribisha ndani. Miaka yote hii tumekunywa chai jikoni kwake, tumekalia vigoda, nikijitilia mwenyewe kwa kikombe chochote kilicho karibu. Siku hiyo alinipeleka sebuleni. Aliondoa kitambaa kwenye kiti, akaniletea kikombe chenye kisahani, na sukari pembeni katika bakuli lenye kifuniko. Aliniuliza hali ya watoto, nikamjibu ni wazima. Nilikunywa nikamaliza. Alinisindikiza hadi langoni, akanipa mkono.

"Karibu tena, Mama Tabby," akasema. Edinah huniita Wacuka.

Nilirudi nyumbani machozi yananitoka kwa hasira, na sikuyafuta. Nilimkuta Naftaly uani na Muchiri na watu wengine, wanamfunga yule fahali wa Kipkirui kwenye mti ambao ng'ombe wetu alikuwa amezoea kukwaruzia shingo. Aliangalia nyuma yangu, akaona sina ng'ombe, uso ukamshuka kidogo.

"Umempelekea? Na Edinah amesema nini?"

"Amesema karibu tena."

Uso wake ulifunguka. "Si unaona," akawaambia wenzake, "yule mama hana neno," akaendelea kukaza kamba.