Mila Haziruhusu, Mwalimu

...na hili neno redundant, ambalo kamusi ya chuo inasema ni kitu cha ziada kisichohitajika, mbona humu kitabuni wanalisifia, wanasema mtandao wa kompyuta ulio mzuri lazima uwe na njia zilizo redundant, Vaileth akairudia sentensi kwa macho, kitabu kimeegemea goti, mtoto amelala kifuani mwake akikoroma kidogo puani, bakuli la mtori linafuka mvuke juu ya stuli, la pili hilo tangu asubuhi, na jikoni kuna jingine linalomsubiri, maana mama mkwe wake, Eunike, haamini kwamba mzazi amekula mpaka amwone anatoka jasho... redundant, redundant, haya, njia ya kutoka hapa kushuka barabara kubwa ni ile ya kanisani, lakini masika yakiifanya utelezi mtu anakata katikati ya kahawa za jirani yao Susana, na huko nako wakiwa wamefunga ng'ombe anazunguka na mfereji, njia tatu kwenda mahali pamoja, mbili zinakaa bure hadi ile ya kwanza iharibike, ahaa, kumbe ziada ya namna hii si takataka, ni akiba, basi neno limeshakaa, halitaondoka tena. Ndivyo alivyojifunza Kiingereza hiki kikubwa, si kwa kamusi, kamusi inakupa maana lakini haikupi mazoea, yeye neno alilichukulia kama mgeni, na mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, kila moja alilitafutia kazi hapa hapa mlimani, congestion alikwisha kuipeleka Tengeru kwenye msongamano wa siku ya soko, latency ni ule muda wa kumwita mtu aliye shambani chini hadi usikie ameitika, na negligible alimpa kuku wa Susana anayedonoa mahindi yaliyoanikwa, hasara ipo, ila nani atagombana na jirani kwa ajili ya mdomo wa kuku...

“Mwanangu, huo mtori unakunywa au unautazama?” sauti ya Eunike kutoka uani, pamoja na ile sauti ya kisu kikimenya ndizi. “Nakunywa, mama.” “Haya. Hivyo vitabu visije vikakukaushia maziwa.” Akachukua kijiko, akameza, mtamu, Mungu wangu, mama huyu anajua kuziponda ndizi za mshare na nyama hadi hutofautishi ipi ni ipi, nani angetaka kutoka humu ndani, hapiki, hachoti maji, haoni jua kali, miezi mitatu ya kulishwa kama malkia, na kabla haijaisha mzazi hatoki, anatolewa siku ya kupelekwa kanisani na mtoto wake amevishwa vizuri, ndiyo mila, na hivyo ndivyo alivyomwandikia mwalimu Lerionka, mila haziruhusu, mwalimu, nimejifungua juzi tu, mtihani wa kuzungumza nitaufanya mwakani na wenzangu watakaofuata... Jibu la mwalimu lilikuja asubuhi na bado lipo kwenye simu, chini ya mto, fupi kama kawaida yake, Vaileth, nani kakuambia haziruhusu, mama mkwe umemuuliza? Nijibu leo kabla ya jioni, majina yanapelekwa. Umemuuliza. Swali gani hilo, mwalimu ni mtu wa Oldonyo Sambu, atajua nini taratibu za Wameru, mkwe anaanzaje kumwambia mama mkwe niachie mlango niende chuoni Themi kwa watu watatu waliokaa nyuma ya meza wakanisikilize nikieleza mitandao kwa Kiingereza, na mtoto hajashika hata shingo vizuri, adabu gani hiyo, halafu kubaki nyuma mwaka mmoja si kufa, mwaka ni nini, ila anajua, tena anajua sana, mwakani mtoto atakuwa anatambaa, na mwaka wa pili kutakuwa na jambo lingine, dada yake mwenyewe alisema mwakani hadi leo anauza mitumba na cheti hajakiona...

“...lakini Mama Emmanuel, huyo mkwe wako utamfungia hadi lini?” Hiyo ni Susana, amekuja lini huyu, yeye husikii hodi yake, unasikia tu maneno yake katikati. “Nimfungie, kwani ni mbuzi?” Eunike akacheka. “Huyo ana mtihani chuoni. Emmanuel kaniambia, mkewe mwenyewe kanyamaza kimya. Mimi nasubiri tu aniambie ni siku gani. Nitambeba mtoto mpaka huko Themi, nikae nje ya mlango wao, akilia nampelekea mama yake anyonyeshe.” Vaileth akatega sikio. “Na mila je?” “Mila gani, Susana? Nilipomzaa Emmanuel kahawa ilikuwa inaanguka chini, mama mkwe akanitoa kabla ya muda nikachume, na hakuna mzee aliyefungua mdomo. Watu watolewe kwa kahawa, kwa shule wazuiwe?” “Sasa si umwambie!” “Nikimwambia atoke si mtasema nimechoka kumpikia? Wewe wa kwanza kusema.” Susana akakubali, ni kweli, angesema, na wote wawili wakacheka, kisu kikaendelea kumenya.

Angepaswa kufurahi, hilo alilijua, mtu akisikia maneno kama hayo anapiga vigelegele moyoni, sasa mbona anamkasirikia mama wa watu kwa kuwa mwema, angesema hapana basi, hapana moja tu, ya mkwe mkali kama wakwe wa wenzake, naye angemjibu mwalimu kwa moyo mweupe... hakuna aliyemzuia. Hakuna hata mmoja. Alijifunika mila gubigubi kama blanketi la asubuhi ya Julai, na chini yake alikuwa nani, alikuwa yule Vaileth wa muhula wa kwanza aliyesimamishwa darasani aeleze kompyuta mbili zinavyokubaliana kuanza kuzungumza, sura nzima alikuwa ameisoma mara mbili, maneno yote ameyapa jembe, na mdomo ukagoma, hakuna lililotoka, akasimama pale kama nguzo ya umeme hadi kaka mmoja wa shule za kulipia akajibu nusu yake akikosea, kwa kujiamini, akapigiwa makofi. Alikaa chini akilia kwa ndani. Maana maneno yake yote ni ya macho, hajawahi hata siku moja kuyatamka, amekutana nayo kwenye karatasi na kuyaacha huko huko, yanalima mlima mzima na hayajawahi kupita kooni, na si mila inayomwogopesha, si mama, si mtoto, ni woga, woga mtupu wa kusikika, na umemshika hadi akamsingizia bibi wa watu anayemmenyea ndizi. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Atamjibu mwalimu, ndiyo, leo hii, na mama naye atamwambia siku, lakini kwanza, kwanza kuna hili, akaitazama sentensi iliyofuata kwenye ukurasa, nani atamsikia humu, huyu mdogo ambaye hata Kiswahili hajui, akafungua mdomo, “A failed transmission is not... exceptional,” sauti ikatoka nyembamba, ya mtu mwingine kabisa, “subsequent attempts are...” ikakwama, ujumbe kukosa kufika si ajabu, kujaribu tena ni inevitable, maana yake anaijua vizuri kabisa, isiyoepukika, kama mvua ya Aprili, kama mtu kufika mlangoni mwa mkwewe, lakini ulimi unaianzia wapi, mtoto akajinyoosha, akalala tena.

“We Susana,” ikasikika uani, kwa sauti ya chini, “punguza maneno, kuna mtu anasoma.”

Vaileth akaianza sentensi upya, safari hii kwa nguvu.