Majivu ya Pumba

Maji yaliingia pipa la kwanza yakiwa ya kijani kinachotia kichefuchefu, yakatoka pipa la tatu yakiwa maangavu. Mkaguzi aliinua glasi juani akaitazama mpaka Mehjabin, aliyebuni mchujo huo, akasahau kupumua.

"Pumba za mpunga tu?"

"Pumba tu, sahib. Zinainasa kromu yote, ile sumu ya kulainishia ngozi."

Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kiwanda cha ngozi hakingefungwa. Mehjabin akarudi nyumbani kupitia vichochoro vya Jajmau huku mabega yamempanda, maana nusu ya mtaa ilikula kwa kiwanda kile, na aliyekiokoa ni yeye.

Uani alimkuta mama mkwe wake, Saghira, amechuchumaa na majirani, wakisugua kwa majivu masufuria ya biriani ya harusi. Jioni ile binti wa Naseem, jirani yao, alikuwa anaolewa. Ukutani ilibandikwa mikate ya samadi ya kuwashia moto. Mehjabin alipoikaribia akaona pumba ndani yake, zimeshika ukijani ule wa pipani.

Akaubandua mmoja, akaumega.

"Mama, pumba hizi umezitoa wapi?"

"Si zile unazomwaga nyuma ya kiwanda? Mali yote ile! Ukichanganya na samadi zinawaka hizo, we acha tu. Mwezi mzima unakula vilivyopikwa nazo, leo ndiyo unauliza?"

"Msomi wako huyo, kuni atazijulia wapi!" Naseem alitania, wenzake wakaangua kicheko.

Mehjabin hakucheka. Siku zote akili yake yote ilikuwa kwenye maji. Pumba zikishashiba sumu ziende wapi, hakuwahi kujiuliza. Akisema, habari zitamfikia mkaguzi na kiwanda kitafungwa. Akinyamaza, mtaa mzima utakula kwenye masufuria yale.

"Acheni kusugua! Sumu ya kiwandani imo kwenye hayo majivu."

Kicheko kikakatika.

"Mehjabin," Naseem alisema taratibu, "una kijicho na harusi ya mwanangu?"

"Hapana, khala. Pumba nilizimwaga mimi. Kosa ni langu."

Saghira akainuka, mikono ameitenga na mwili, majivu yamemfika viwikoni. Akayatazama masufuria, kisha mfereji uliotoka uani kwake ukiteremka moja kwa moja hadi mto Ganga.

"Haya, mwanangu," alisema. "Niambie basi. Nikanawe wapi?"